Mashine ya barafu ya mezani ikisumbua: dalili, chanzo na dawa yake

Mashine ndogo ya barafu ikianza kusumbua, jambo la kwanza watu husema ni "gesi imeisha". Mara nyingi gesi ipo palepale. Kwa mashine zinazotumika Tabora na Kigoma, washukiwa wa kwanza ni joto la chumba, maji na umeme, na vyote vitatu unaweza kuvikagua mwenyewe bila kushika bisibisi. Gesi iwe ya mwisho. Mfumo wake umefungwa na kuchomelewa kiwandani, kwa hiyo haitumiki ikaisha kama ya mtungi wa jikoni. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuijaza bila kuziba panapovuja ni kutupa hela.

Maelezo haya yanahusu aina iliyoenea zaidi: ile yenye uzito wa kilo 7 hadi 12, tangi la lita moja na nusu hadi mbili, wati 100 hadi 150, inayotoa vipande tisa vyenye tundu katikati kwa kila mkupuo.

Mzunguko wa mashine nzima

Kabla ya kulaumu chochote, simama uangalie mzunguko mmoja kupitia kioo cha kifuniko. Pampu hupandisha maji kutoka tangini hadi kwenye trei ndogo. Vidole tisa vya chuma vinavyoning'inia juu huwa vimezama ndani ya trei hiyo. Kompresa, yaani mota inayosukuma gesi, huvipoza hadi chini ya sifuri, na barafu hujijenga kuvizunguka, kuanzia kwenye chuma kwenda nje. Ndiyo sababu kila kipande kina tundu. Baada ya dakika 6 hadi 12 trei huinama, maji yasiyoganda hurudi tangini, kisha vali hufunguka na kupitisha gesi ya moto ndani ya vidole. Hapo utasikia mlio wa "shhh", pengine na "tak". Vipande huteleza vikadondoka, koleo la plastiki huvisukuma kikapuni, na trei hurudi mahali pake.

Huo mlio wa kuachia barafu si ugonjwa. Wala si ugonjwa mkupuo wa kwanza na wa pili kutoka vipande vyembamba kama maganda. Mashine bado ina joto na maji bado yana joto. Vitupe, pima kuanzia mkupuo wa tatu.

Kipimo chenyewe ni mizani ya jikoni. Mashine iliyoandikwa kilo 12 za barafu kwa saa 24, yenye mzunguko wa dakika 6, hupiga mizunguko 240 kwa siku. Gawanya, utapata gramu 50 kwa mkupuo, yaani kila kipande gramu tano au sita. Hiyo ni namba ya kiwandani, iliyopatikana chumba kikiwa baridi na maji yakiwa baridi. Ukipata gramu 30 mchana wa Oktoba pale Isevya, Tabora, mashine yako haina kosa. Ukipata chini ya gramu 20 asubuhi yenye ubaridi, maji yakiwa ya baridi na vidole vikiwa safi, hapo kuna jambo la kutafutwa.

Haiwaki, au inanguruma kisha inanyamaza

Kama ndiyo kwanza imefika, uliza ilisafirije. Mzigo unaotoka Dar es Salaam kwenye buti la basi, au kwa reli ya kati ambayo hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, hulazwa ubavu na hakuna anayejali mshale wa juu. Mashine ikilala, mafuta ya kompresa huhamia kwenye mabomba ya gesi. Isimamishe wima saa 24 ndipo uwashe. Ukiharakisha, kompresa inazunguka ikiwa na mafuta pungufu, au inayasukuma mafuta hadi kwenye ule mrija mwembamba wa gesi na kuuziba. Ubovu wa namna hiyo haurekebishiki kwa bei nafuu.

Kisha soma lebo ya nyuma. Iandikwe 220–240V na 50Hz. Mashine za mitumba kutoka Marekani ni za volti 110 hadi 120 na hezi 60. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya hapa, inaungua siku hiyohiyo. Transfoma ya kushusha umeme hutatua volti tu. Hezi zinabaki 50, mota inazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa na inapata joto zaidi. Usiinunue, hata iwe ya bei ya kutupa.

Dalili nyingine inayojirudia sana: feni inazunguka, kompresa inanguruma sekunde chache, "tik", kimya, na baada ya dakika kadhaa inarudia vilevile. Ile "tik" ni kinga ya joto inayokata umeme wa kompresa kabla haijaungua. Vyanzo vikubwa ni viwili. Cha kwanza, umezima na kuwasha haraka mno, au umeme umekatika na kurudi papo hapo. Gesi upande mmoja bado ina msukumo mkubwa na kompresa ndogo haiwezi kuanza dhidi yake. Zima, hesabu dakika tano, washa.

Cha pili ni umeme mdogo. Chukua multimeta upime kwenye soketi wakati kompresa inajaribu kuanza, si wakati imetulia, maana volti huonekana nzuri mpaka mzigo uingie. Umeme wa kawaida ni volti 230, na mashine nyingi huvumilia asilimia 10 juu au chini: 207 hadi 253. Ikishuka chini ya 200, chomoa. Angalia pia ekstensheni. Waya mwembamba wa mita 20 ambao pia unabeba pasi au birika la umeme unatosha kuiangusha. Tumia waya wa milimita mraba 1.5, mfupi, wa mashine peke yake. Na kama umeme wa mtaani kwako huwa mdogo kila jioni, kinga ya friji haitaupandisha. Kazi yake ni kukata na kuchelewesha kurudisha. Kinachopandisha volti ni stebilaiza, na ya VA 1,000 inatosha.

Ukigusa mwili wa mashine ukahisi mshtuko, acha majaribio yote. Soketi haina ethi au kuna waya uliochubuka ndani, na hapo pana maji.

Taa ya maji inawaka, na tangi limejaa

Zima, chomoa, mwaga maji. Chini ya tangi kuna kichujio kidogo cha plastiki au tundu la pampu; hapo hukwama vipande vya chokaa, unyoya wa kitambaa, na sisimizi kwa wale wanaotengeneza barafu ya juisi. Usitengeneze barafu ya juisi. Sukari inanata kwenye pampu, na baada ya siku chache tangi linachacha.

Kama kichujio ni safi, pampu imeshika hewa. Hutokea zaidi mashine ilipokauka kabisa. Jaza tangi hadi kwenye alama, chukua bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, livute maji, lishikize kwenye tundu la kuingilia pampu na usukume taratibu mpaka mapovu yaishe. Njia nyingine ni kufungua kizibo cha kumwagia maji sekunde mbili tatu, tangi likiwa limejaa, kisha kufunga.

Baadhi ya mashine zina boya. Lisukume kwa kidole. Lisipopanda na kushuka kwa wepesi, lina chokaa. Nyingine hutambua maji kwa ncha za chuma zinazopitisha umeme mdogo sana majini, na hizi haziyaoni maji yaliyotolewa madini yote, kama yale ya betri. Maji ya kunywa ya chupa hayana tatizo. Mwisho, mashine nyingi haziendelei zenyewe baada ya kuongeza maji. Lazima ubonyeze kitufe cha kuwasha tena.

Taa ya kikapu kujaa inawaka, na kikapu ni kitupu

Kikapu hupimwa na mwanga usioonekana unaotoka upande mmoja wa chumba cha barafu kwenda mwingine. Kitu chochote kikiukata, mashine inaamini barafu imefika juu. Pangusa vile vidude viwili vidogo vyeusi au vya kioo kwa kitambaa laini kilicholowa, angalia kama kipande kimening'inia kwenye koleo, rudisha kikapu mpaka kikae sawa. Kisha tazama jua. Jua kali likipiga moja kwa moja kupitia kioo cha kifuniko huichanganya sensa, na hii huonekana zaidi kambini na kwenye vibaraza. Ukifunika kioo kwa kitambaa na taa ikazima, umepata jibu.

Koleo likikwama na kipande cha barafu, usilivute kwa nguvu. Meno ya gia zake ni ya plastiki. Mwaga maji ya uvuguvugu juu ya kipande, kiyeyuke.

Barafu nyembamba, au mzunguko hauishi

Hili ndilo lalamiko kubwa la ukanda huu, na hapa ndipo mafundi hulipwa bure.

Anza na herufi zilizo kwenye lebo ya nyuma, karibu na alama ya volti. SN maana yake mashine imetengenezwa kufanya kazi katika joto la nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Tabora mwishoni mwa kiangazi, Septemba na Oktoba, hufika na kupita nyuzi 32 nje, kivulini. Ndani ya jiko la bati lisilo na dari, lenye mkaa unaowaka, usiulize. Mashine ya N hapo iko nje ya mipaka yake hata ikiwa mpya kutoka boksini. Kama bado hujanunua, tafuta ST au T, hata ikizidi bei kidogo.

Sababu ni ya kawaida kabisa. Mashine haitengenezi baridi. Inahamisha joto kutoka kwenye vidole na kulitupa nyuma kupitia kondensa (mabomba yenye mapezi yanayotoa joto) na feni. Hewa ya chumba ikiwa ya moto, joto halitoki. Sukuma mashine hadi ukutani na halitoki vilevile, kwa sababu feni inavuta tena hewa ileile iliyoitoa. Acha sentimita 15 kila upande wenye matundu. Usiiweke ndani ya kabati, wala juu ya friji, wala karibu na jiko.

Vumbi la Tabora la kuanzia Agosti linastahili sentensi zake. Linaingia kwenye matundu ya pembeni na kutengeneza blanketi juu ya mapezi ya kondensa. Chomoa mashine, mulika tochi ndani ya matundu. Ukiona kijivu badala ya chuma, tumia brashi laini ya rangi ya inchi moja na upepo wa pampu ya baiskeli, ukipuliza kutoka ndani kwenda nje pale inapowezekana. Msimu wa vumbi fanya hivi kila baada ya wiki mbili. Mashine inayokaa barabarani, kwenye genge la juisi, kila wiki.

Kisha maji. Kugandisha kilo moja ya maji ambayo tayari yako nyuzi sifuri huhitaji kuondoa kilojuli 334. Kuyashusha kutoka nyuzi 30 hadi sifuri huongeza nyingine 126. Ukianza na maji ya nyuzi 10, nyongeza hiyo ni 42 tu, na kazi yote imepungua kwa karibu moja ya tano. Maji ya simtangi jeusi lililo juani mchana yanaweza kuwa na joto kuliko chumba chenyewe. Teka asubuhi, au weka chupa ya lita moja na nusu kwenye friji saa mbili kabla ya kuanza. Mtungi wa udongo pia unasaidia, hasa wakati wa kiangazi kikavu. Ila usimimine maji ya baridi sana, ya karibu kuganda. Chini ya nyuzi 7 hivi unahamia kwenye tatizo la sehemu inayofuata.

Baada ya hewa na maji, angalia vidole. Vikiwa na ukoko mweupe, ukoko huo unazuia baridi kufika majini na pia unashikilia barafu isidondoke. Vioshe kama ilivyoelezwa kwenye sehemu ya chokaa.

Yote hayo yakiwa sawa, fungua kifuniko dakika tano baada ya mzunguko kuanza. Vidole vyote tisa vinapaswa kuwa na barafu inayolingana. Vikiwa vitatu au vinne vya mwanzo vina barafu na vingine ni mvua tu, sasa ndiyo unaweza kutaja gesi. Vikiwa vikavu vya joto vyote, kompresa ikisikika na ikiwa ya moto, ni gesi au mrija umeziba. Kompresa ikiwa kimya huku feni ikizunguka, rudi kwenye umeme, kisha relei ya kuwashia.

Ukimwita fundi wa friji, mwonyeshe lebo kabla hajafungua. Mashine nyingi za sasa zina R600a, gesi inayowaka moto, na ujazo wake ni gramu chache tu, kwa kawaida kati ya 20 na 40. Asitumie gesi ya kuchomelea wakati R600a bado imo ndani, asichanganye na R134a (gesi nyingine ya friji), na ajaze kwa mizani. Fundi anayejaza "mpaka mabomba yapate ubaridi" kwenye mfumo wa gramu 30 anakosea kwa urahisi mno. Kama hana mizani, tafuta mwingine.

Vipande vikubwa vilivyoshikana, au vinavyogoma kudondoka

Kinyume cha tatizo lililopita. Asubuhi za Juni na Julai Tabora hupoa hadi karibu nyuzi 15, na mashine iliyopangwa kutoa vipande vikubwa inagandisha kupita kiasi mpaka vidole jirani vinaungana. Badilisha kitufe kwenda vipande vidogo, tumia maji ya bombani badala ya maji ya friji. Trei ikigongana na barafu isirudi mahali pake, chomoa, fungua kifuniko, subiri dakika 15 barafu iyeyuke. Usiing'oe kwa kisu wala bisibisi. Ukitoboa vidole, gesi yote imeondoka na mashine imekwisha.

Ikiendelea hata chumba kikiwa na joto, sikiliza ule mlio wa "shhh" trei inapoinama. Usipousikia kabisa, vali ya gesi ya moto haifunguki. Mara nyingi ni koili yake imeungua au plagi yake imelegea kwa mitikisiko ya safari, na koili hubadilishwa bila kugusa gesi.

Unga mweupe kwenye glasi, harufu, ladha

Barafu ya mashine hii huwa na weupe wa ukungu kwa sababu inaganda haraka na kukamata hewa. Haina madhara. Unga mweupe unaobaki chini ya glasi ni jambo jingine: ni madini ya maji.

Maji yanapoganda, yanayotangulia ni maji matupu, na madini hubaki kwenye sehemu isiyoganda, ambayo hurudi tangini. Ukiongeza maji mapya juu ya yale ya zamani kutwa nzima, kila saa yaliyomo tangini yanazidi kuwa mazito. Jioni unachonywa si maji yale uliyoyamimina asubuhi. Kigoma hili huja haraka zaidi kwa wanaotumia maji ya ziwa: Ziwa Tanganyika linaonekana angavu kama kioo, lakini maji yake yana chumvichumvi za magnesiamu kwa wingi na pH yake huzidi 8.5. Visima virefu navyo mara nyingi havina nafuu. Mwaga tangi lote kila baada ya saa 24 za kazi, au kila ukijaza mara nne. Kwa maji ya ziwa usizidishe mara tatu.

Kuosha chokaa:

1. Chomoa, mwaga maji, toa kikapu.
2. Koroga vijiko viwili vya chakula vya ndimu ya unga kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu. Ukikosa, tumia siki nyeupe robo lita na maji robo tatu lita.
3. Mimina tangini. Kama kuna kitufe cha kuosha, kibonyeze. Kama hakuna, washa mizunguko miwili ya kawaida na utupe barafu yake.
4. Zima, acha nusu saa. Sugua vidole na trei kwa mswaki laini. Steelwaya inachubua ngozi ya nikeli iliyo juu ya vidole, na kuanzia hapo chokaa itashika mara mbili.
5. Mwaga, suuza mara tatu kwa maji safi, tupa mikupuo miwili ya kwanza.

Kamwe usichanganye jiki na siki au ndimu. Hutoa gesi ya klorini, na pua iko juu ya tangi.

Harufu ya plastiki kwenye mashine mpya huisha baada ya kuosha mara moja au mbili. Harufu ya klorini hupungua ukiacha maji kwenye ndoo usiku mmoja, yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa tu badala ya mfuniko. Harufu ya samaki Kigoma haina siri: mashine inavuta hewa ya chumba, na barafu hushika harufu. Kama dagaa au migebuka imehifadhiwa chumba hichohicho, hamisha kimoja kati ya viwili. Na kwa anayefikiria kuitumia mashine hii kuhifadhi samaki wa biashara, hesabu inakataa. Kilo 8 au 10 kwa siku ni za vinywaji. Samaki wanahitaji barafu ya mabonge.

Usalama wa maji usijadiliwe. Kuganda hakuui vimelea vya kipindupindu wala vya homa ya matumbo, na Kigoma inaijua kipindupindu. Mei 2015 kijiji cha Kagunga kililemewa nayo. Tumia maji uliyochemsha hadi yakatokota kwa dakika moja na kuyapoza yakiwa yamefunikwa. Koleo la kuchotea lisikae juu ya meza ya wazi.

Inayeyuka kikapuni

Ndivyo ilivyo. Kikapu hakina baridi yoyote. Ni boksi lenye sponji kwenye kuta. Barafu inayeyuka, maji yanarudi tangini, yanagandishwa upya. Atakayehitaji barafu nyingi jioni aanze mchana na kuhamisha kila nusu saa. Ukiimwaga moja kwa moja kwenye friza itakuwa bonge moja, kwa sababu imelowa. Ichuje kwenye chujio, itandaze kwenye sinia ndani ya friza saa moja, ndipo uifunge kwenye mfuko.

Matumizi ya umeme ni madogo kuliko wengi wanavyodhani: wati 120 kwa saa nane ni chini kidogo ya uniti moja ya LUKU, na kwa hiyo uniti utapata kilo tatu hadi nne kutegemea joto.

Kuvuja na kelele

Maji mezani: kagua kizibo cha chini na mpira wake, kisha kama umejaza kupita alama. Wakati wa masika ubavu wa mashine unaweza kutoa jasho, hasa Kigoma; pangusa tu. Mlio wa kukwaruza ni feni inayogusa waya au mdudu. Mlio wa kupiga kelele nyembamba ni pampu inayovuta hewa. Meza ya bati hutetemesha kila kitu. Weka kipande cha mpira wa ndala chini ya kila mguu.

Kambini: ufukweni, Ugalla, porini Sikonge

Maoni yetu kwanza: kwa kambi ya usiku mmoja au miwili isiyo na jenereta wala sola, acha mashine nyumbani. Tengeneza barafu siku mbili kabla, igandishe kwenye friza, pakia deli mpaka juu bila kuacha nafasi ya hewa, lifunge na liweke kivulini. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 (Ah 100), ukiitumia nusu tu ili isife, inaendesha mashine ya wati 120 saa nne hivi baada ya hasara za inveta. Katika joto la mchana hiyo ni kilo moja na nusu ya barafu. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo hukupa kama saa saba.

Ukiamua kwenda nayo, dalili za kambini ni hizi. Inveta inalia na kukata mara tu kompresa inapoanza: ni ndogo. Kompresa huvuta mara kadhaa ya wati zake kwa sekunde ile ya kwanza, kwa hiyo mashine ya wati 120 inataka inveta ya wati 600 au zaidi, ya mawimbi laini. Ile ya bei nafuu, ya mawimbi ya kukatakata, huifanya kompresa ingurume na kupata joto. Fyuzi ya tundu la kiberiti cha gari inaungua: tundu hilo huwa la ampea 10 hadi 15 tu. Funga inveta moja kwa moja kwenye betri kwa nyaya nene zisizozidi mita moja.

Paneli ya sola ya wati 200 hutoa kama 140 au 150 jua likiwa zuri, kwa hiyo mashine inafanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, betri ikipokea na kutoa kidogo. Paneli ikae juani, mashine kivulini chini ya mwembe. Watu hufanya kinyume kwa sababu waya wa paneli ni mfupi.

Jenereta ndogo ya kuvuta kamba hupandisha na kushusha volti inapowaka na inapozima. Washa, subiri injini itulie dakika moja, ndipo uchomeke. Chomoa kabla ya kuzima. Iwe mbali na mahema, upande upepo unakokwenda, moshi wake unaua waliolala.

Usawa ni jambo linalosahaulika mchangani. Mashine ikiinama, trei hujaa upande mmoja: vipande vya kushoto vinene, vya kulia maganda. Laza ubao chini, weka glasi ya maji juu ya kifuniko, chomeka vijiti mpaka maji yalingane na ukingo pande zote.

Kwenye barabara ya vumbi isafirishe wima, tupu kabisa, imefungwa mkanda na imefunikwa kwa mfuko wa plastiki; kwenye boti ya kwenda Gombe au Mahale ifunike hivyohivyo na uiweke mbali na ubavu unaorusha maji. Ikifika, ipe saa mbili imesimama; kama ililala njiani, saa 24 zilezile. Kurudi nyumbani mwaga maji yote, fungua kizibo cha chini, pangusa tangi na uache kifuniko wazi siku nzima kabla ya kuirudisha kwenye boksi lake, maana ikifungwa na unyevu, ukungu mweusi huanzia kwenye mpira wa kizibo na kwenye mrija wa pampu, ambako mswaki haufiki.